Mkaguzi wa Migomba

Palikuwa na nchi, na bado ipo, kwa hiyo naomba msinitazame namna hiyo. Jina lake halina haja. Anayeijua anaijua, na asiyeijua ana bahati, aendelee nayo.

Katika nchi hiyo mwezi wa kwanza haukuwa na siku ya kazi hata moja. Tarehe mosi ilikuwa Siku ya Mwaka Mpya. Tarehe pili ilikuwa Siku ya Kuushukuru Mwaka Mpya. Tarehe tatu ilikuwa Siku ya Afya, na hospitali zote zilifungwa ili madaktari na wauguzi wapate nafasi ya kuandamana. Palikuwa na Siku ya Watoto, ambapo watoto walisimamishwa juani tangu asubuhi mpaka saa nane wakingoja kuambiwa kwamba siku ile ni yao. Palikuwa na Siku ya Utulivu, iliyoadhimishwa kwa mizinga ishirini na moja. Na tarehe saba ilikuwa Siku ya Mabua, ambayo ndiyo hasa nataka kuisimulia, ingawa naogopa hata kuitaja.

Kwa kuwa mwezi mzima ulikuwa wa furaha, sheria haikuruhusu mtu kufa ndani yake. Sisemi watu hawakufa. Walikufa kama kawaida, ila hawakuandikwa mpaka tarehe mosi ya mwezi wa pili, na kabla ya hapo ilikatazwa kuweka matanga au kulia kwa sauti inayovuka ukuta. Takwimu zetu za mwezi wa kwanza zilikuwa nzuri kuliko za nchi yoyote. Za mwezi wa pili hatukuzitangaza.

Mimi ni Shomari Tindwa, mtumishi wa Wizara ya Sikukuu, cheo changu Mkaguzi wa Migomba, daraja la tatu. Kabla hamjacheka, ngojeni niwaeleze.

Zamani, kabla Wizara haijaundwa, Siku ya Mabua ilikuwa jambo la mitaani tu. Watu walikata mabua ya migomba wakakutana uwanjani. Mwenye kinyongo na mwenziwe alimwendea, akamwambia kosa lake mbele za watu, kisha akamchapa bua moja la mgongo. Aliyechapwa hakuruhusiwa kujitetea. Alitakiwa kusema neno moja tu, "Nimesikia." Kisha mpigaji na mpigwa waliingia pamoja katika kibanda cha makuti, kibanda kikatiwa moto, nao wakatoka mbio kwa mlango wa nyuma, kinyongo kikabaki humo kinaungua. Waliotoka kibandani hawakuguswa na mtu mwaka mzima, kwa neno wala kwa mkono. Jioni watu walikula wali.

Serikali iliuona uzuri wa mila hii, ikaiona pia hatari yake, maana maelfu ya watu walikuwa wakiambiana ukweli bila kibali. Basi mila ikaboreshwa. Badala ya watu wote kuchapana, angechaguliwa raia mmoja kwa bahati nasibu, kwa niaba ya wote, na badala ya kumchapa jirani yake, angemchapa Mtukufu Baba wa Mwaka, kiongozi wetu, ambaye kwa unyenyekevu wake alikubali kubeba makosa ya nchi nzima siku moja kwa mwaka. Watu walipiga makofi. Walipofika nyumbani ndipo walipoanza kujiuliza nani atamchapa.

Kosa lenyewe liliandikwa na Wizara, na halikubadilika hata nukta: "Mtukufu, una kosa moja. Unafanya kazi mno, hupumziki." Mtukufu alijibu, "Nimesikia." Kwa kuwa ana shughuli nyingi, hakuingia kibandani mwenyewe, alituma kofia yake. Kofia na mteule waliingia pamoja, kisha askari wawili wenye glavu nyeupe waliitoa kofia kwa mlango wa mbele, mlango ukafungwa, moto ukawashwa. Mteule alitoka kwa mlango wa nyuma, huko kwenye uzio wa turubai ambako hatukuona, akapelekwa mapumzikoni moja kwa moja. Hakuna mteule aliyewahi kurudi kutoka mapumzikoni. Wizara ilisema hiyo ndiyo dalili ya mapumziko mazuri.

Kazi yangu ilikuwa na sehemu tatu. Kwanza, kuchagua bua na kulilowesha kwenye pipa siku tatu ili lilainike. Pili, kupokea vifurushi ambavyo familia zilituma mapumzikoni. Tatu, kujaza fomu yenye swali moja: Je, mlango wa nyuma unafunguka? Miaka saba niliandika "Ndiyo" nikatia sahihi. Mlango wenyewe sikuwahi kuuona. Fomu haikuuliza kama nimeuona.

Mteule wa mwaka uliotangulia alikuwa jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, Mzee Chande, mwalimu mstaafu wa jiografia. Alivaa miwani iliyovunjika mkono mmoja, ikafungwa kwa uzi wa buluu. Alisema maneno yake vizuri kabisa, ila baada ya "una kosa moja" akakohoa. Wizara iliunda kamati ya watu kumi na wanne kuchunguza kikohozi kile, na kamati ikaona kuwa kilikuwa kicheko. Wakati huo Mzee Chande alikuwa ameshaingia kibandani.

Mkewe, Bi Mwajabu, aliambiwa mumewe anapumzika vizuri sana. Kila mwisho wa mwezi alikuja kwenye dirisha langu na shati moja limefuliwa, limepigwa pasi, limekunjwa ndani ya gazeti. Nililipokea, nikampa risiti, nikaliweka kabatini. Hakuna gari lililowahi kuja kuchukua chochote kwenye kabati lile. Mwezi wa kwanza dirisha hufungwa, kwa hiyo kufikia mwisho wa Desemba kabatini mlikuwa na mashati kumi na moja. Mtasema ilinipasa kujiuliza. Nilijiuliza mara moja, nikaogopa, nikaacha.

Sasa tarehe pili ya mwezi wa kwanza, Siku ya Kuushukuru Mwaka Mpya, tulikaa uani kusikiliza redio kama sheria ilivyotaka. Mke wangu Zamda alikuwa mshona magodoro. Aliyafumua magodoro ya sufi yaliyoganda, akaipiga sufi kwa fimbo mpaka ikafumuka, akayashona upya. Kazi ilikuwa marufuku siku hiyo, kwa hiyo alikaa tu na mikono yake mapajani, na mikono yake haikujua kukaa. Redio ikapiga tarumbeta. Mtangazaji akasema kwa furaha kubwa kwamba mteule wa mwaka huu ni Zamda binti Faki, mshona magodoro, wa Mtaa wa Kisimani.

Zamda alinyanyuka akazima redio. Kuizima redio siku hiyo ni kosa.

Haikupita nusu saa majirani wakaanza kumiminika kutupongeza. Wa kwanza alileta mwiko wetu aliouazima tangu mfungo wa mwaka juzi. Wa pili alileta ngazi. Wa tatu alitupongeza kwa maneno matamu, akaingia jikoni mwenyewe, akatoka na kinu chake. Mpaka adhuhuri kila kitu chetu kilikuwa kimerudi na kila cha watu kilikuwa kimeondoka. Nilitazama ule ua uliopangika vizuri, nikaelewa. Mtu harudishi ngazi kwa haraka hivyo kama anadhani utakuwepo kuidai.

Wa mwisho alikuwa Bi Mwajabu, ameshika chekeche letu la unga.

"Nimekuletea chekeche lako, mwanangu," alimwambia Zamda.

"Ahsante, mama. Lakini lingekaa tu."

"Hapana. Na nina ujumbe mdogo. Ukifika huko mapumzikoni mwambie Chande mashati ya mikono mirefu yamekwisha. Nitaanza kuleta ya mikono mifupi. Asidhani nimemsahau."

Zamda alinitazama. Mimi nilitazama chekeche.

Tarehe nne tuliitwa Wizarani kwa mafunzo. Katibu wa Wizara, Bwana Kinyogoli, alikuwa mtu mpole mwenye sauti ya kubembeleza, na kila mtu aliyebembelezwa naye aliumia. Ukumbini palipangwa maboga sita juu ya meza yenye kitambaa cha kijani. Bwana Kinyogoli alifungua waraka wa kurasa arobaini unaoeleza Pigo la Kitaifa.

"Pigo la Kitaifa," alisoma, "ni nguvu inayotosha kumfukuza nzi kwenye shavu la mtoto aliyelala, bila kumwamsha mtoto. Likizidi hapo ni uhaini. Likipungua ni dharau, maana watu watadhani Mtukufu amezeeka na anaogopewa kuvunjika. Umeelewa, Bi Zamda?"

"Nimeelewa, baba."

"Chapa boga."

Zamda alichapa. Boga lilipasuka vipande vitatu, mbegu zikaruka mpaka kwenye tai ya Bwana Kinyogoli. Alizitoa moja moja bila kukasirika, na hilo ndilo lililonitisha.

"Hilo lilikuwa boga," alisema. "Kesho kutwa keshoye ni Mtukufu."

"Mkono wangu umezoea sufi. Sufi iliyoganda huibembelezi."

"Jaribu kufikiri kwamba unampenda."

"Nani, boga?"

Mtaalamu mmoja wa Wizara aliyekaa pembeni aliandika kitu, kisha akakifunika kwa kiganja. Maboga mawili zaidi yaliharibika. La nne lilipata ufa. La tano aliligusa kidogo sana, Bwana Kinyogoli akatikisa kichwa akasema hilo ni dharau. La sita lilipokea Pigo la Kitaifa kamili, na watu wote ukumbini wakapiga makofi kwa adabu.

"Sasa maneno," alisema Bwana Kinyogoli.

"Mtukufu, una kosa moja." Zamda akanyamaza.

"Endelea."

"Nafikiri."

"Usifikiri, mama. Endelea tu."

Akaendelea akamaliza. Lakini mimi niliyemjua nilijua alichokuwa akikifikiri.

Miaka miwili nyuma, tarehe tatu ya mwezi wa kwanza, mama yake Zamda alibanwa na kifua. Tulimlaza kwenye mkokoteni tukamkimbiza hospitali. Barabara kuu ilikuwa imefungwa kwa ajili ya maandamano ya Siku ya Afya. Tulisimama kwenye kamba, tukawatazama madaktari wakipita mbele yetu wamevaa sare mpya wakiimba kuhusu afya, na mama akakata roho hapo hapo akiwa ameushika mkono wa binti yake. Zamda alifungua mdomo alie. Mimi niliuziba kwa kiganja changu. Nilimwambia, "Nyamaza mpaka mwezi wa pili." Alinyamaza. Siku ishirini na tisa tulikaa nyumbani tukitabasamu dirishani, na ilipofika tarehe mosi ya mwezi wa pili nikamwambia sasa waweza kulia, naye akasema hana haja tena.

Hatukuwahi kulizungumza. Sasa mtu huyo angesimama mbele ya kipaza sauti, na watu elfu sitini, na Mtukufu.

Tarehe sita mchana Zamda alikuwa akishona mfuko wa godoro, marufuku au si marufuku, bila kuinua macho.

"Shomari, mama alikufa lini?"

"Tarehe mosi mwezi wa pili. Imeandikwa hivyo."

"Sijakuuliza imeandikwaje."

Nilikwenda nikafunga mlango. Kisha dirisha. Kisha nikarudi kuhakikisha kama mlango nimeufunga.

"Zamda, nakuomba. Sema maneno yao. Useme kama yalivyo, ugeuke, utoke kwa mlango wa nyuma, yaishe."

"Huo mlango wa nyuma umeuona?"

"Nimeutilia sahihi."

"Nimeuliza kama umeuona."

Alikata uzi kwa meno, akaanza upande wa pili. Nilivaa viatu nikaenda Wizarani nikikimbia. Nilimkuta Bwana Kinyogoli anachagua rangi ya maputo. Nikamwomba, kwa heshima zote, nikauone mlango wa nyuma.

"Unataka kuuona kama mkaguzi au kama mume?" aliniuliza.

"Kama mkaguzi."

"Mkaguzi ameshatia sahihi kwamba unafunguka. Aende kutafuta nini tena?"

"Basi kama mume."

"Mume hana kibali cha kuingia eneo la kibanda." Akanipapasa bega. "Pale ni mahali pa heshima, Bwana Shomari. Hata majivu ya miaka yote hatujayazoa, yamepitishwa kisheria kuwa urithi wa taifa. Tunajenga juu yake. Nenda kapumzike."

Alipolisema neno hilo nilihisi haja ndogo. Nasema ukweli.

Siku ya Mabua ilipambazuka bila wingu. Uwanja ulipambwa kwa migomba mizima iliyosimamishwa kila hatua tano, kama ilivyo desturi penye shangwe. Watu waliketi kimya kwa mpangilio wa mitaa yao, wameshika bendera ndogo, wakizipeperusha kila kengele ilipogongwa. Katikati kilisimama kibanda kipya cha makuti, kirefu kuliko cha mwaka jana, na nyuma yake turubai.

Mtukufu alifika. Alivuliwa koti na shati, akainamishwa juu ya kigoda, mgongo ukatazama jua. Ulikuwa mgongo wa mzee wa kawaida, una vipele viwili. Ratiba ilisema Mtukufu atainuka baada ya kuchapwa, na siyo kabla. Mimi nilisimama hatua moja kutoka kwake nimebeba sinia lenye bua.

Zamda alitembea kutoka upande wa pili na kanga yake ya kila siku, alikataa sare. Alichukua bua. Bwana Kinyogoli alimsogezea kipaza sauti na kumtabasamia.

"Una kosa moja," alisema Zamda.

Hakusema Mtukufu. Uwanja mzima ulivuta pumzi. Nilifumba macho. Nilipoyafumbua alikuwa amegeuka, ananitazama mimi.

"Shomari, mume wangu, una kosa moja. Mama yangu alikufa Siku ya Afya, juu ya mkokoteni, barabara imefungwa, madaktari wanapita wanaimba. Nikataka kumlilia. Ukaniziba mdomo. Ulikuwa mkono wako, Shomari, siyo wa askari. Miaka miwili nalala na mkono ule."

Kisha akanichapa.

Hapa lazima nikiri kosa la kitaalamu. Miaka saba nilikuwa nikiyalowesha mabua nikiamini yanalainika. Bua lililoloweshwa siku tatu halilainiki, linanywa maji na kuwa zito kama gogo. Wateule waliotangulia waligusisha tu, kwa hiyo hakuna aliyegundua. Zamda alinipa mkono wake wote wa sufi, nami nilikwenda chini kwa magoti, sinia likabiringika mpaka miguuni pa Mtukufu.

Nilijua watu elfu sitini wananingoja. Nikisema siyo mimi niliyefunga barabara, watauliza ni nani. Nikisema hakuna aliyekufa, nitakuwa nimemzika mama yule mara ya pili. Mila inaruhusu neno moja. Mimi nilisema mawili, na yote yakapita kwenye kipaza sauti.

"Nimesikia," nilisema. "Niliogopa."

Bwana Kinyogoli alikuwa amebadilika rangi. Alipekua waraka wake mbele nyuma. Mteule hakumgusa Mtukufu, kwa hiyo uhaini haupo. Hakumtukana, kwa hiyo dharau haipo. Alilolifanya lilikuwa mila yenyewe, ya zamani, ambayo hakuna aliyekumbuka kuifuta. Mwishowe alishikilia kifungu cha kumi na mbili, akakisoma kwa sauti iliyokatika: "Mpigaji na mpigwa, au kofia yake, wataingia kibandani."

Askari wenye glavu walinikagua kichwani. Sikuwa na kofia. Wakanisukuma ndani pamoja na mke wangu, mlango wa mbele ukafungwa kwa komeo.

Humo ndani palinuka mafuta ya taa. Mwanga uliingia kwa nyufa. Nilikimbilia ukuta wa nyuma, nikauona mlango, nikashukuru, nikakishika kitasa. Mkono wangu uliteleza juu ya makuti. Mlango ulikuwa umechorwa. Ulichorwa kwa rangi ya kahawia na mtu mwenye kipaji, wenye mbao, bawaba, kitasa na hata tundu la ufunguo. Nilisimama nikauangalia mlango niliouthibitisha mara saba, nikasikia moto unalia juu ya paa.

"Zamda," nilisema, "haupo."

"Nimeona," alisema. Alikuwa amechutama, anapapasa majivu ya urithi wa taifa. Aliinuka na kitu kiganjani. Ilikuwa fremu ya miwani, nyeusi kwa moshi, kioo kimoja kimebaki. Iliangukia pembeni kwenye ukuta, moto ukaipita. Mkono mmoja ulikuwa umefungwa kwa uzi wa buluu.

Nililia. Sijui kama sauti ilivuka ukuta.

"Baadaye," alisema Zamda. "Shika fito hii."

Ukuta ulikuwa wa fito zilizofungwa kwa kamba, mzee wa miaka sabini asingeuweza. Zamda aliupiga kwa fito moja aliyoing'oa, kama anavyoipiga sufi, mahali pamoja, bila kupumzika, na mimi nilivuta kila fito iliyolegea mpaka viganja vikachunika. Cheche zilituangukia kichwani. Kamba ya tatu ilipokatika nilijitupa kwa bega, nikatoka na kipande cha ukuta, naye akanifuata kanga inafuka moshi. Turubai iliangukia upande, uwanja wote ukatuona.

Halafu sauti moja ya kizee ikatoka jukwaa la mashariki. "Wametoka." Wengine wakaichukua. "Wametoka. Hawaguswi. Hawaguswi mwaka mzima." Askari waliosogea walisimama, wakatazamana, kwa sababu nao walikuwa na bibi zao waliowalea na mila ile.

Zamda hakumtazama mtu. Alipanda jukwaa la Mtaa wa Kisimani, ngazi kwa ngazi, mpaka kwa Bi Mwajabu, akampa miwani.

"Hii ni yako, mama."

Bi Mwajabu alikifuta kile kioo kwa pembe ya kanga. Akaushika uzi kwa vidole viwili. "Uzi huu niliufunga mimi," alisema. Kisha alishuka uwanjani polepole, akaliokota lile bua, akaja mpaka niliposimama.

"Mashati kumi na moja," alisema. "Ukanipa na risiti."

Kwa mila hakuruhusiwa kunigusa. Sikumkumbusha. Alinichapa mara moja, nami nikasema, "Nimesikia."

Hapo ndipo mwanamume mmoja wa jukwaa la kusini alipokwanyua bua kwenye mgomba wa mapambo, akamgeukia jirani yake. "Walipomchukua mwanangu ulikuwa dirishani. Nilikuuliza, ukasema hukuona." Akamchapa. "Nimesikia," alisema yule jirani, huku analia. Mwalimu mmoja alichapwa na wazazi wa wanafunzi wake kwa kuwafundisha wimbo wa sherehe. Mtangazaji wa redio alichapwa na mama yake mzazi. Migomba ilikwisha, watu wakatumia kandambili na zile bendera ndogo. Hakuna aliyeitaja Serikali hata kwa herufi moja, na hakuna kosa lililosemwa ambalo Serikali haikuwemo. Bwana Kinyogoli alijificha chini ya meza ya maputo.

Katikati ya haya yote Mtukufu alikuwa bado ameinama. Hakuna aliyethubutu kumwambia ainuke, maana ratiba ilikuwa haijafika hapo, na yeye mwenyewe hakuwa na mazoea ya kujiamulia siku ya sherehe. Jua lilimwunguza mgongo. Mwishowe aligeuza kichwa kidogo, nami niliyekuwa karibu nilimsikia.

"Na mimi je?" aliuliza.

Hakuna aliyekuwa na nafasi naye.

Jioni redio ilitangaza kwamba sherehe zilifana na kwamba Mtukufu alionyesha uvumilivu wa pekee kwa kuinama saa tatu mfululizo. Bwana Kinyogoli alipelekwa mapumzikoni. Mimi nilibaki kazini, hakuna aliyetugusa kwa neno wala kwa mkono. Mashati yote nilimrudishia Bi Mwajabu, akayapokea bila kunitazama. Mwezi huo wa kwanza, kwa mara ya kwanza, palikuwa na matanga katika mtaa wetu, ya Mzee Chande na ya mama mkwe wangu kwa pamoja, na kilio kilivuka kila ukuta.

Ninaandika haya leo, tarehe thelathini na moja Desemba, saa kumi alasiri. Mwaka wetu wa kutoguswa, kwa hesabu ya Wizara, unakwisha leo. Wiki iliyopita fomu mpya ililetwa mezani kwangu: Je, mlango wa nyuma unafunguka? Niliandika, "Hapana. Hakuna mlango." Ikarudishwa na maneno mekundu kwamba jibu halikubaliki, nijaze upya. Nimejaza upya mara nne, jibu lile lile, na kila mara mwandiko wangu umekuwa mbaya zaidi kwa kutetemeka. Redio imesema mara hii hakutakuwa na bahati nasibu ya mteule, kwani jina linajulikana. Tangu asubuhi kuna gari la kijivu limesimama mwisho wa mtaa, watu wawili wamo ndani wanakula machungwa.

Zamda yuko uani anapiga sufi. Ninaogopa kama sijawahi kuogopa, na nimemwambia hivyo waziwazi, naye amesema anaogopa pia, kisha ameendelea kupiga.

Sasa hivi hodi imepigwa. Nimesimama nyuma ya mlango muda mrefu kabla ya kufungua. Alikuwa Bi Mwajabu. Amepita mbele ya gari lile lile, na wale watu wamemwona anakuja kwetu.

"Naomba chekeche lenu," amesema. "Nina unga wa kuchekecha."

"Mama, leo?" nimemwuliza. "Gari umeliona?"

"Nimeliona. Nitawarudishia tarehe nane, Mabua yakishapita."

Nimemletea. Nyuma yake, langoni, alikuwa amesimama yule jirani wa ngazi, anaangalia chini, amekuja kuiazima tena.